MASHAMBA KUGEUZWA VIWANJA: NANI HUAMUA, NA KWA UTARATIBU GANI?
Maelezo kuhusu ukaguzi wa mipango ya makazi vijijini, kwa mfano wa Igalula, Mkoa wa Tabora

Maombi ya kuyakata mashamba ya vijijini kuwa viwanja vya nyumba yamekuwa mengi katika sehemu mbalimbali za nchi, hususan katika vijiji vilivyo karibu na miji, barabara kuu na vituo vya reli. Kila ombi la namna hiyo hupaswa kukaguliwa kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa. Hata hivyo, wananchi wengi, na baadhi ya watumishi pia, hudhani kuwa ukaguzi huo ni kazi ya wapimaji na maofisa wa wilaya peke yao, na kwamba mwanakijiji huitwa mwishoni tu ili aoneshwe ramani iliyokwisha kuchorwa.

Dhana hiyo si sahihi. Kwa upande wa ardhi ya kijiji ya Tanzania Bara, mwenye kauli ya msingi ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mpango uliopita bila ya kauli hiyo ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga, hata kama michoro yake ni mizuri na vigingi vyake vimenyooka.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo hatua kwa hatua. Igalula imechukuliwa kuwa mfano kwa sababu hali yake inafanana na ya vijiji vingi vya Bara. Maelezo hayahusu ombi la mtu, kampuni wala ofisi fulani.

IGALULA NA NJIA YA KATI

Igalula imo katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, na ni kituo cha Reli ya Kati kwa msafiri atokaye Goweko kuelekea Tabora mjini. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui yapo Isikizya. Wilaya hiyo imeizunguka Manispaa ya Tabora, na kwa hiyo kila mji unapopanuka, shinikizo huangukia vijiji vya Uyui.

Nchi hiyo si ngeni katika historia ya wakazi wa mwambao na Visiwani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa njia ya Tura, Rubuga na Kigwa, kisha ikafika Kaze, mahali panapohesabiwa leo kuwa ni Tabora. Richard Burton na John Speke walifika huko kwa njia hiyo mwaka 1857. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuja pwani kwa maelfu, na wafanyabiashara wa pwani na wa Unguja wakajenga Unyanyembe. Miembe mikubwa inayoonekana hadi leo katika sehemu za Tabora ni kumbukumbu ya biashara hiyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia inayowekwa UNESCO, na Kwihara, karibu na Tabora, ni miongoni mwa vituo vilivyotajwa.

Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vituo vya reli vikachukua nafasi ya kambi za misafara. Mwezi Disemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora, na tangu hapo ardhi ya ukanda huo imezidi kutazamwa kwa jicho la bei.

Idadi ya watu nayo imekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,291,623 katika Mkoa wa Tabora. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 3,391,679. Ongezeko la watu zaidi ya milioni moja katika miaka kumi lina maana ya nyumba, visima, skuli na mashamba mapya. Kwa hiyo haja ya viwanja ni ya kweli. Ukaguzi haukuwekwa ili kuzuia ujenzi, bali ili haja ya nyumba isije ikaila haja ya chakula na maji.

NCHI ILIYOWAHI KUPANGWA KWA AMRI

Ili kufahamu kwa nini sheria imeupa Mkutano Mkuu nguvu kubwa kiasi hicho, yafaa kukumbuka yaliyopita.

Zamani, katika Unyamwezi, mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mwanangwa, aliyekuwa msaidizi wa mtemi katika eneo lake, akaoneshwa mahali. Enzi za utemi zilifutwa kisheria mwaka 1963. Lakini hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ilikwisha kuwahamisha watu wengi wa nchi za magharibi na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Mwaka 1947 ukaja mpango wa karanga, na Urambo ikawa moja ya sehemu zake. Mwaka 1972 makazi ya wakimbizi kutoka Burundi yalifunguliwa Ulyankulu. Kisha, tarehe 6 Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kufikia mwisho wa mwaka 1976. Operesheni Vijiji ikawakusanya watu kando ya barabara, wengi wakiacha mashamba, mahame na makaburi ya wazee wao nyuma.

Nia za mipango hiyo zilitofautiana, na baadhi yake zilileta skuli, zahanati na maji. Jambo moja lilikuwa sawa katika yote: mkazi hakuulizwa kwanza. Matokeo yake ni migogoro ya mipaka na umiliki iliyodumu kwa miongo.

Mwezi Januari 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, nayo ikazunguka nchi kusikiliza wananchi. Sera ya Taifa ya Ardhi ikatolewa mwaka 1995. Katikati ya hapo, mwezi Disemba 1994, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, lililotokana na ardhi iliyochukuliwa wakati wa kuanzisha vijiji. Mahakama ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa bila ya fidia ya haki, hata kama juu ya ardhi hiyo hapana jengo wala mazao.

Bunge likatunga Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Hizo ndizo nguzo za utaratibu unaoelezwa hapa, pamoja na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 za mwaka 2007.

MAFUNGU MATATU YA ARDHI YA KIJIJI

Swali la kwanza katika ukaguzi wowote ni hili: shamba linaloombwa limo katika fungu gani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ardhi ya kijiji ina mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ardhi ya pamoja: malisho, msitu wa kijiji, visima, njia, viwanja vya mikutano na mengineyo yanayotumiwa na wote. Fungu la pili ni ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu, familia au kikundi, ikiwa na hati ya hakimiliki ya kimila au bila ya hati. Fungu la tatu ni ardhi ya akiba, ambayo baadaye inaweza kugawiwa.

Makosa mengi huanzia hapa. Shamba lililopumzishwa huitwa pori. Mbuga ya mpunga ikikaukiwa wakati wa kiangazi huitwa uwanja mtupu. Msitu wa miombo ambamo watu hutundika mizinga ya nyuki huitwa eneo lisilotumika. Tabora hupata mvua kwa msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Mtu afikaye mwezi wa Septemba na kuitazama nchi kutoka dirishani mwa gari hawezi kujua ni wapi mpunga hulimwa, ni wapi maji husimama na ni wapi ng'ombe hupita. Anayejua ni mkazi. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa ardhi hufanywa kwa miguu, pamoja na wazee, wanawake wachotao maji, wafugaji na warina asali, na ikiwezekana katika majira zaidi ya moja.

SAFARI YA OMBI

Hatua ya kwanza ni ombi kupelekwa kwa maandishi kwa Halmashauri ya Kijiji. Chombo hicho kina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji kama mdhamini asimamiaye mali ya amana, na wala haiimiliki. Sheria inasema wazi kwamba Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila ya idhini ya awali ya Mkutano Mkuu. Mwenyekiti au mtendaji atakayeandika barua ya kugawa kabla ya idhini hiyo atakuwa ameandika karatasi isiyo na nguvu.

Hatua ya pili ni kulipima ombi kwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, pale ambapo mpango huo upo. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na mwongozo wake unagawa kazi ya kupanga katika hatua sita, tangu maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi kijijini, kuweka mipaka na ramani za matumizi yaliyopo, kuandaa mpango wenyewe, kuusimamia, hadi mipango ya kina ya maeneo madogo kama vile makazi. Kijiji kisichokuwa na mpango kinaposhughulikia ombi la viwanja huwa kinakata kitambaa kabla ya kuchukua vipimo. Busara ni kutanguliza mpango.

Hatua ya tatu ni ukaguzi wa kitaalamu. Ofisa ardhi, ofisa mipangomiji, mpima, ofisa mazingira, ofisa kilimo na mhandisi wa maji wa wilaya hufika, wakaandika taarifa inayoeleza udongo, maji, barabara na hasara zitakazotokea. Taarifa hiyo hupaswa kusomwa kwa lugha inayoeleweka na watu.

Hatua ya nne ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Hapo ndipo ombi hukubaliwa, hukataliwa au hurudishwa ili lirekebishwe. Kukataa si uasi, na wala kurudisha si kuchelewesha maendeleo. Yote ni maamuzi halali.

Hatua ya tano ni kupeleka uamuzi huo wilayani, na pale inapohitajika kwa Kamishna wa Ardhi na kwa Waziri mwenye dhamana. Hatua ya sita, ambayo watu wengi hupenda kuianza, ni upimaji na kuweka bikoni.

NJIA MBILI ZISIZOFANANA

Wananchi wanapaswa kufahamu tofauti kubwa iliyopo kati ya njia mbili za kupata viwanja.

Katika njia ya kwanza, eneo la makazi hupangwa ndani ya ardhi ya kijiji, na kila mwenye kiwanja hupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Ardhi hubaki kuwa ya kijiji, na Mkutano Mkuu huendelea kuwa na kauli.

Katika njia ya pili, eneo huhamishwa kutoka ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla, ili viwanja vitolewe kwa hati za muda maalumu, kama vile miaka 33, 66 au 99, na viweze kuuzwa kwa mtu yeyote mwenye sifa za kisheria. Hapo kijiji hupoteza mamlaka ya kugawa. Sheria imeweka kipimo: eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa; likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya Mkutano Mkuu. Aidha, ardhi haiwezi kuhamishwa kabla hayajafikiwa makubaliano juu ya aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia.

Mtu akiambiwa mkutanoni kwamba "tunapima tu viwanja", anayo haki ya kuuliza ni kwa njia gani kati ya hizo mbili. Ardhi ikishatoka mikononi mwa kijiji, kuirejesha ni kazi nzito mno.

HESABU YA MAJI NA NJIA

Ukaguzi wa kweli hufanywa kwa hesabu. Kwa mfano, chukua shamba la hekta 10, yaani mita za mraba 100,000. Theluthi moja ikitengwa kwa barabara, uwanja wa wazi na huduma, zitabaki kama mita za mraba 66,000. Kila kiwanja kikiwa na mita za mraba 600, vitapatikana viwanja kama 110. Kila nyumba ikikaliwa na watu watano, hao ni watu 550.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 na kisichohudumia watu zaidi ya 250. Kwa hiyo watu hao 550 wanahitaji lita 13,750 kila siku na vituo vitatu vya maji. Ikiwa kisima kilichopo hukauka mwezi wa Oktoba kwa wakazi wa sasa, wakazi wapya watachota wapi? Mwombaji asiyekuwa na jibu la swali hilo bado hajamaliza ombi lake.

Vyoo navyo vihesabiwe. Vyoo 110 vya shimo vikichimbwa upande wa juu wa visima vifupi vya mbugani ni hatari kwa afya ya kijiji kizima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hifadhi ya reli isiguswe, na kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara.

Yapo pia mambo yasiyoonekana katika picha za angani: njia ya mifugo kwenda majini, kijia cha watoto wa skuli, mabani ya kukaushia tumbaku na kuni zake, miembe ya zamani, na makaburi. Kuhamisha makaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969, na hakufanywi kwa tingatinga wala kwa mapatano ya mdomo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kiandikwe katika ramani ya ukaguzi kabla ya mchoro wa viwanja. Kisichoandikwa mapema huonekana baadaye kuwa ni kikwazo, na mwenye nacho huitwa mvamizi katika ardhi aliyozaliwa.

FIDIA NA HAKI ZA WANYONGE

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2001, fidia huhesabiwa kwa thamani ya soko, na huongezwa posho ya usumbufu, usafiri, kukosa makazi na kupotea kwa faida, kwa kadiri inavyomhusu kila mtu. Ikichelewa zaidi ya miezi sita hudaiwa riba. Uthamini hufanywa na mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2016. Mwenye shamba asitie sahihi fomu asiyoisoma au asiyosomewa, na ahifadhi nakala yake.

Wajane, yatima, watu wenye ulemavu na wake waliomo katika ndoa wasipitwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Shamba la familia linapoingizwa katika viwanja, si haki mume peke yake aitwe, aoneshwe fedha na kutia sahihi, ilhali anayelilima shamba hilo ni mkewe.

MFANO WA DAR ES SALAAM

Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, uliofika sehemu kama Bunju, Tuangoma na Buyuni. Mradi ulikuwa na mafanikio: upimaji ulikwenda kwa kasi isiyozoeleka, na watu wengi walipata viwanja vyenye hati. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zilionesha mapungufu. Wakulima waliokuwapo awali, wengi wao walishindwa kununua viwanja katika ardhi ileile waliyoilima, kwani fidia waliyopokea haikulingana na bei ya kiwanja. Viwanja vingi vilikaa miaka bila ya kujengwa, na maji na barabara vilichelewa kuwafuata waliohamia.

Funzo kwa vijiji vya Igalula ni jepesi. Mkutano Mkuu unapojadili ombi, usitosheke na ahadi ya fidia peke yake. Uweke masharti: viwanja vingapi vitabaki kwa wenyeji, na kwa bei gani, huduma zipi zitatangulia kabla ya kuuza, na kiwanja kisichojengwa kitafanywaje.

KWA WASOMAJI WA VISIWANI

Ardhi si jambo la Muungano. Kwa hiyo Mkutano Mkuu wa Kijiji na hekta 250 vilivyoelezwa hapo juu havitumiki Unguja na Pemba, ambako ardhi ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 na huongozwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992. Tatizo lenyewe, hata hivyo, linafahamika vyema. Eka tatu zilizoanza kugawiwa wananchi mwaka 1965 zilitolewa kwa kilimo. Sehemu yake, hasa pembezoni mwa mji, imekwisha kugeuka nyumba kidogo kidogo, kila mmoja akiuza kipande bila ya mchoro wa jumla. Matokeo yake huonekana kila masika: maji yasiyokuwa na pa kupitia, gari la wagonjwa lisiloufikia mlango, na minazi iliyokatwa isiyorudi.

Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, juu ya ardhi isiyoongezeka. Bara wanayo nafasi zaidi, lakini kosa la kugawa kwanza na kupanga baadaye ni lile lile, na gharama yake hulipwa na watoto.

PANAPOTOKEA MALALAMIKO

Mwanakijiji asiyeridhika na mwenendo wa mgao aanze katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha. Likishindwa, lipo Baraza la Kata, ambalo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nalo limebakiwa na kazi ya usuluhishi, na kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu. Malalamiko ya mapema ni mepesi. Malalamiko yaletwayo baada ya bikoni kuwekwa, viwanja kuuzwa na misingi kujengwa, huwa yanamgombanisha mwenyeji na mnunuzi aliyelipa fedha yake kwa nia njema, na hapo ni shida kupatikana mshindi.

MASWALI YA KUULIZWA KABLA YA KUPIGA KURA

Wakazi wanashauriwa kuyachukua maswali yafuatayo mkutanoni, na watumishi wanashauriwa kuwa na majibu yake kabla ya kuitisha mkutano:

1. Ardhi inayoombwa ni ya fungu gani, na nani wanaitumia kwa majira yote ya mwaka?
2. Je, viwanja vitabaki katika ardhi ya kijiji, au ardhi itahamishwa?
3. Wakazi wapya watakuwa wangapi, na watapata maji wapi mwezi wa Oktoba?
4. Njia za mifugo, visima, makaburi, miti ya asili na mabani yameandikwa katika ramani?
5. Kila anayepoteza ardhi ametajwa, amethaminiwa na amekubali, pamoja na mwenzi wake?
6. Viwanja vingapi ni vya wenyeji, na kijiji kinabaki na akiba ya ardhi kiasi gani kwa vijana?
7. Nani atajenga barabara na huduma, kwa fedha ipi, na lini?

Mtumishi wa umma anayo wajibu wa kutangaza mkutano mapema, mahali panapoonekana na kwa wakati usiogongana na msimu wa kulima, na kuhakikisha kwamba ramani inabandikwa na kuelezwa. Mkazi naye anao wajibu wa kuhudhuria, kwani wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Mwisho, uamuzi wowote, uwe wa kukubali au wa kukataa, uandikwe katika muhtasari siku hiyo hiyo, usomwe kwa sauti, utiwe sahihi na uambatanishwe na orodha ya waliohudhuria. Nakala ibaki kijijini na nyingine ipelekwe wilayani. Muhtasari huo ndio ushahidi wa kwanza utakaotazamwa na baraza au mahakama iwapo pataibuka ubishi miaka kumi baadaye. Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali ya kijiji iliyo kubwa kuliko ardhi yake.